Mstari wa Mashoto

"Nyoosha mabega, mwanangu. Mbona umejikunja kama nguo iliyokamuliwa?"

Nilijaribu kuyanyoosha. Mama yake Mashoto alipitisha futi yake ya kushonea mgongoni mwangu, bega hadi bega, akaibana kwa kidole gumba, akanong'ona namba na kuiandika kwa chaki pembeni mwa meza. Alikuwa fundi cherehani tangu kabla binti yake hajazaliwa. Sebule yake ndiyo ilikuwa chumba chake cha kazi: cherehani chini ya dirisha, pasi juu ya kigoda, vitambaa vya wateja vimejaa kwenye kochi hata mgeni hana pa kukaa. Kwa hiyo nilisimama.

Nilikuwa nimekuja kusema jambo moja tu. Nilikuwa nimelikariri nusu saa nzima ndani ya gari, nimeegesha mtaa wa pili ili majirani wasilione. Lakini nilipomwamkia, mama huyu aliitika marahaba, akanishika mkono na kunivuta ndani. "Umekuja wakati mzuri. Nina kitambaa chako."

"Cha nini, mama?"

"Cha shati. Siku utakapokuja na wazee wako, sitaki uvae hayo ya dukani. Inua mkono."

Nikainua mkono.

"Binti yangu hapendi kusema, lakini mimi si mtoto," aliendelea, akinizungushia futi kifuani. "Najua kiwanda kizima kimemgeuka. Najua umebaki wewe peke yako wa kumtetea. Mungu akulipe."

Futi ilinibana pale pale moyo ulipokuwa unagonga. Nilidhani atausikia kwa vidole.

"Usizuie pumzi," akasema. "Shati litakubana."

Mimi ndiye ambaye kiwandani wananiita Mjukuu. Jina linalong'aa mbele ya kila gari tunalotengeneza ni la babu yangu, mzaa baba, aliyeunda gari la kwanza kwa mikono yake katika banda la mabati. Baba alilirithi jina hilo na kulikuza, na tangu nikiwa na meno ya utoto kila mtu alijua kwamba baada ya baba ni mimi. Sikuwahi kuulizwa kama naweza. Niliulizwa tu kama nimeshakula, na kama nimeshasoma.

Mwaka juzi baba alinituma nikajifunze kazi kuanzia chini, nikakabidhiwa kwa mkaguzi wa breki. Wenzake walimwita Mashoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kuandika, kukaza, kula, hata kumpungia mtu. Siku ya kwanza aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, akasema, "Mjukuu, viatu vyako vimefanya kazi kuliko vidole vyako." Nilicheka. Nikawa nachelewa kwenda nyumbani ili nicheke tena.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya rangi. Kiwandani kwetu kila mkaguzi ana rangi yake, na ya Mashoto ilikuwa zambarau. Fundi akishakaza boliti, mkaguzi huipima tena kwa spana inayolia tak boliti ikifika kipimo. Kisha huchukua brashi ndogo na kuchora mstari mwembamba kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Boliti ikilegea hata kidogo, mstari hukatika na kila mtu anaona. Mstari ule ni kiapo cha mkaguzi. Ndiyo maana mtu anaweza kukuazima spana, ovaroli, hata kijiko chake cha chakula, lakini rangi haiazimwi.

Aliniazima mimi.

Siku hiyo baba alikuwa ameniachia laini yote ya kuundia magari kwa mara ya kwanza. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja saa kumi kuona magari mapya sita. Saa tisa na nusu Mashoto alipigiwa simu kwamba mama yake ametoka kwa daktari wa macho, amefungwa bandeji, hana wa kumrudisha nyumbani.

"Nenda," nilimwambia. "Nitamwita mkaguzi mwingine."

Akatazama mlango, akatazama saa. Kabati lake lilikuwa upande wa pili wa jengo. Akaniwekea ile chupa ndogo kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mkono wake wa kushoto. "Niwekee tu," alisema. "Niwekee mpaka kesho."

Sikumwita mkaguzi mwingine. Nilitaka baba akute nimemaliza mwenyewe. Nilikaza, nikapima na kuchora kwa rangi yake magari matano kama nilivyofundishwa, sikuruka hata boliti moja. Kwenye la sita simu ikalia.

"Magari yako tayari?" baba aliuliza.

Nilikuwa nimebakiza boliti mbili. Nikasema, "Tayari, baba."

Neno likishatoka, mkono hulifuata. Nilizichora zote mbili bila kuzigusa kwa spana.

Dereva wetu wa majaribio, mtu mcheshi tunayemwita Bwana Kona, alilichukua gari lile kuwaonyesha wageni. Alikata kona ya kwanza, akakata ya pili, ya tatu akakanyaga breki isishike. Aligonga ukuta wa ghala. Alitoka akiwa hai, na mkono uliovunjika mara mbili.

Kesho yake kulikuwa na kikao. Boliti iliyobaki kwenye gari lile iliwekwa juu ya karatasi nyeupe pamoja na kipande chake cha chuma. Nilikaa kulia kwa baba. Mashoto alisimama.

"Rangi hii ni ya nani?" msimamizi wa zamu alimuuliza.

Mashoto aliinama akaitazama boliti. Aliitazama kwa muda mrefu mno. Kisha akainua macho, na badala ya kumtazama aliyeuliza, akanitazama mimi. Macho yale yalikuwa makavu, yamenyooka, yamekaa usoni mwangu kama mtu aliyeshika mlango ukiwa wazi ili mwingine apite.

Mimi nilitazama kalamu yangu.

"Rangi ni yangu," alisema.

Wakaamini alichora kabla ya kuondoka, wakamsimamisha kazi siku hiyo hiyo.

Jioni nilimwambia baba kila kitu. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kudhani nilinyamaza kwa kukosa wa kumwambia. Baba alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi iwe hivyo hivyo."

"Baba, watamfukuza."

"Nitamtafutia pa kwenda. Mtu akipata kazi nyingine husahau."

"Nampenda."

Hapo kisu kilisimama. "Mkaguzi wa breki."

"Ndiyo."

"Nilisikia. Shangazi yako alisikia kabla yangu. Tukasema ni upepo wa ujana, tuuache upite." Akaweka kisu chini. "Watu hawanunui chuma, wananunua jina. Wakisikia fundi amekosea, watasema mafundi hukosea. Wakisikia mwenye jina ndiye aliyedanganya, nani atampakia mtoto wake ndani ya gari hilo? Watu elfu mbili wanakula kwa jina lile. Unampenda? Vizuri. Mpende ukiwa bado una kitu mkononi cha kumpendea."

Alikuwa na hoja. Hoja ile ilikuwa mto laini, nami nikalaza kichwa juu yake siku tisa.

Sasa nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, mikono juu, napimwa shati la posa.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. "Mama, vifungo vyeupe vimekwisha, nimechukua hivi vya..." Mashoto aliniona. Akaiweka pakiti ya vifungo juu ya cherehani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Karibu," alisema. Ilikuwa karibu ya kumwambia mteja.

Alikuwa amepungua. Vidoleni mwake, mahali palipokuwa na madoa ya zambarau yasiyotoka kwa sabuni yoyote, palikuwa safi. Sijawahi kuona usafi ukiniuma vile.

"Mama," nikasema, "naomba uache kunipima."

"Nimebakiza kiuno tu."

"Ukisikia nitakayosema hutataka kunishonea."

Futi ililegea. Yale maneno yote niliyoyakariri kwenye gari, yaliyoanza na presha ya kazi na kupitia kwa baba kabla ya kunifikia mimi, yalinipotea. Yakabaki mafupi.

"Mstari ule niliuchora mimi. Aliniachia chupa yake nimtunzie, nikaitumia. Boliti mbili sikuzikaza. Na kwenye kikao nilikuwepo, nikanyamaza."

Mama alianza kuikunja futi kwenye vidole viwili, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ikaisha. Jicho lake moja bado lilikuwa jekundu. Aliponitazama nilitamani lile bovu tu ndilo liwe linaona.

"Siku tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Siku tisa mtoto wangu anakwenda dukani kwa njia ya nyuma." Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akatugeuzia mgongo.

"Nisamehe, Mashoto. Nilitaka ujue."

"Mimi nilijua," Mashoto alisema.

Siku zote nilidhani anaamini kwamba mkaguzi niliyeahidi kumwita ndiye aliyeitumia chupa yake. Alikwenda kwenye meza ya mama yake, akaokota chaki, akanipa. "Chora mstari hapo. Haraka, kama siku ile."

Nikachora kwenye ubao wa meza. Akaichukua chaki kwa mkono wake wa kushoto, akachora wa kwake pembeni. Wangu uliinama huku, wake ukainama kule. Ilikuwa kama watu wawili waliopeana mgongo.

"Miaka sita mistari yangu imelala upande mmoja," alisema. "Mtu yeyote pale ndani angeweza kuona, kama angetaka kutazama. Kila siku unaniita Mashoto. Siku moja tu ulihitaji kukumbuka kwa nini."

Uso wangu uliwaka. Nilikuwa nimemwita hivyo mara elfu moja, kwa kumtania, kwa kumbembeleza, kwa kulifurahia tu jina lile mdomoni. Siku ya kuiba kiapo chake nilisahau mkono uliokuwa ukikiandika.

"Kwa nini hukusema? Ilikuwa pale mbele yako."

"Nilikuwa nakungoja."

"Ulivyonitazama, nilidhani unaniomba nikutetee."

"Kunitetea?" Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilofika popote. "Nilikuwa nakutetea wewe. Nilikuwa nakuambia, sema sasa, sema mwenyewe, nikikutaja mimi utakuwa umekamatwa. Ukatazama kalamu. Nikasema, labda kesho. Kila gari likisimama nje nasema, ndiye huyo. Mama ananiuliza nasikiliza nini, namwambia nasikiliza cherehani."

Cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

"Bado unanipenda?" niliuliza. Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini ndilo lililokuwa limebaki.

"Hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa sikupendi ningekutaja siku ya kwanza, nikalala usingizi wangu."

"Niambie nifanye nini."

"Sitakuambia."

"Nakuomba msamaha."

"Unauombea wapi? Humu tuko watatu. Mmoja alijua, mmoja alidanganya, mmoja anashona. Waliodanganywa hawako sebuleni kwetu." Akafungua mlango wa mbele, si kwa hasira. "Nenda. Usiku mwema."

Mama yake alizungumza bila kugeuka. "Vipimo vyako nimeviandika. Kitambaa nitakiweka. Sijasema nitakishona."

Sakafuni mwa kiwanda chetu, chini ya saa ya ukutani, kuna duara la rangi ya njano. Lilichorwa na babu. Gari lake la kwanza alisahau kulitia oili, injini ikanoki na kukwama njiani mbele ya mnunuzi. Kesho yake alikusanya mafundi wake wanne, akasimama katikati ya duara, akawaambia. Tangu hapo ikawa desturi: anayejiona na kosa husimama pale asubuhi kabla kengele haijalia. Husema alichofanya, msimamizi humuuliza kwa nini, hujibu, kisha msimamizi husema, "Tumesikia. Kazi." Aliyesimama kabla ya kuitwa hafukuzwi, na hakuna ruhusa ya kulirudia kosa lake kama dhihaka. Lakini tangu babu, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kusimama. Baba alikuwa akisema duara ni la mafundi.

Asubuhi iliyofuata nilikuta zamu nzima imeshafika. Bwana Kona alikuwepo pia, mkono kwenye plasta, amekuja kusalimia. Juu, nyuma ya kioo cha ofisi, niliona koti la kijivu la baba. Hatua kutoka ngazini hadi kwenye duara ni kumi na nne. Nilipoingia ndani yake watu walidhani nimepita tu. Wengine waliendelea kufunga vifungo vya ovaroli. Kisha wakaona sipiti.

Nikasema. Nilisema chupa, boliti mbili, simu, neno tayari, kikao, kalamu. Nilisema kwamba Mashoto hakuwepo. Nilisema siku tisa. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikalazimika kurudia sehemu moja kwa sababu wa nyuma hawakusikia, na kulisema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko ya kwanza.

Msimamizi alikuwa na miaka thelathini ya kazi pale ndani. Aliuliza kama anavyouliza wengine. "Kwa nini?"

"Nilitaka baba aone nimeweza."

Mahali fulani hewa ilikuwa inavuja kwenye mpira wa pampu, tss, tss.

"Kumbe," Bwana Kona akasema polepole. "Na mimi siku zote hizi namlaumu mke wangu, nasema alinikasirisha asubuhi nikakanyaga vibaya." Akautazama mkono wake. "Ananiogesha kama kichanga, Mjukuu. Nilitaka na hilo ulijue."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani anitukane.

"Tumesikia," msimamizi akasema. "Kazi."

Kengele ikalia. Nilipotazama juu, pazia la ofisi lilikuwa limeshushwa.

Baba alinipokea akiwa amesimama. "Babu yako alisimama pale akiwa na gari moja tu duniani," alisema. "Wewe umesimama na magari yote." Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa mekundu, nami sikujua kama ni hasira au ni kitu kingine ambacho hatukuwahi kufundishana jina lake. "Funguo za ofisi weka mezani. Umechagua kule chini, kaa kule chini. Mpaka nitakapokuita, kama nitakuita."

Nikaweka funguo. Nilipofika mlangoni akaniuliza, akiwa amenipa kisogo, "Alijua? Yule binti?"

"Alijua tangu siku ya kikao."

"Na akanyamaza."

"Alikuwa ananingoja, baba."

Barua ya kumrudisha Mashoto kazini ilitoka mchana ule ule, nayo ilikuwa na saini ya baba mwenyewe.

Mashoto alirudi siku ya tatu. Nilikuwa nimeshapewa ovaroli na spana, nakaza boliti za breki upande wa kulia. Aliingia kwa mlango mkubwa, si wa nyuma, na watu wakaanza kumpigia makofi. Akainua mkono wa kushoto kuwanyamazisha, akaenda moja kwa moja kwenye duara la njano.

"Niliazimisha rangi yangu," alisema.

Msimamizi alisita. "Hili si lazima, mwanangu."

"Uliza kama unavyouliza wengine."

"Kwa nini?"

Hakunitazama. "Nilimwamini mtu."

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake, spana mkononi, mbele ya watu wote niliowajua. Aibu ya siku yangu ilikuwa imenipata usoni tu. Hii ilishuka mpaka viatuni.

"Tumesikia," msimamizi alisema. "Kazi."

Gari la kwanza la asubuhi likafika mbele yangu. Nikakaza boliti zote nne, moja baada ya nyingine, nikasubiri tak ya kila moja, nikarudi nyuma. Mashoto alikuja, akachuchumaa, akapima. Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya nguo za mama yake. Chupa mpya ya zambarau ilikuwa mfukoni mwake, na tone moja lilikuwa limeshampata kwenye kidole cha shahada. Nilitazama tone lile kama mtu aliyeona taa ya nyumbani kwao.

Alichora mstari wa kwanza, ukalala upande wake. Akachora wa pili. Akachora wa tatu. Kwenye ya nne aliweka spana, akavuta, akakunja uso. Akaifunika chupa.

"Hii bado," alisema. "Rudia."

Nikachukua spana.